Mjadala: Sinema kongwe ikigeuzwa ukumbi wa muziki, viti ving'olewe au vibaki?

Mleta mada

Wakuu, nauleta mzozo wa Castro Theatre ya San Francisco, Marekani, kwa sababu karibu kila hoja ya sinema kongwe kugeuzwa kumbi za muziki ilitupwa mezani kule.

Castro ilifunguliwa Juni 1922. Aliyeichora ni Timothy Pflueger, na familia ya Nasser iliyoijenga ndiyo ingali inaimiliki. Ina viti 1,400 hivi pamoja na vya roshani, na kinanda kilichokuwa kikipigwa kabla ya filamu kuanza. Mtaa ulipo ukumbi huo ulipokuwa makao ya jamii ya wapenzi wa jinsia moja miaka ya 1970, ukumbi nao ukawa baraza lao, hasa wakati wa Frameline, tamasha la filamu za jamii hiyo.

Januari 2022 kampuni ya mapromota, Another Planet Entertainment, ilitangaza kwamba imechukua uendeshaji. Mpango wake: ving'olewe viti vya chini, iwekwe sakafu inayopangika kwa vidato, konseti zisikilizwe kwa kusimama, na usiku wa filamu viti virudishwe. Hapo moto ukawaka. Wapinzani walitaka jiji liviingize viti vya kudumu kwenye orodha ya vitu visivyoguswa. Mwaka 2023 jiji likapanua ulinzi wa jengo hadi sehemu za ndani, ila halikulazimisha viti vibaki vimefungwa sakafuni. Mpango ukapita, na Februari 2024 milango ikafungwa kwa ukarabati.

Msimamo wangu: viti havikustahili vita hivyo. Kwanza havikuwa vile vya 1922, vilishabadilishwa. Wapinzani waling'ang'ania viti kwa sababu sheria haikuwaachia kingine cha kung'ang'ania. Sheria za kulinda majengo kwa kawaida hulinda dari, plasta, taa na nakshi. Hazina la kusema juu ya filamu ya zamani inayoonyeshwa Jumanne usiku kwa watu sabini. Kilichogombewa pale ni kalenda: ni nani anapata usiku upi, na kwa bei gani. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeanza vizuri lakini umewahurumia mno wapinzani. Majumba haya hayakuuawa na mapromota. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi dhidi ya Paramount, na kampuni kubwa za filamu zikalazimika kuachana na majumba yao ya sinema. Televisheni ikaingia sebuleni, watu wakahamia pembezoni mwa miji. Roxy ya New York, iliyofunguliwa 1927 ikiwa na viti karibu 6,000, ilivunjwa 1960. Hakuna promota aliyeigusa.

Chukua Kings Theatre ya Brooklyn: ilifunguliwa 1929, ikafungwa 1977, ikakaa tupu ikivujiwa na mvua mpaka ilipofunguliwa tena 2015 kama ukumbi wa maonyesho ya jukwaani. Ukarabati ulikula dola milioni 95 hivi. Nani angerudisha fedha hizo kwa tiketi za filamu, wakati kwa filamu mpya nusu ya tiketi au zaidi inakwenda kwa msambazaji? Anayetaka sinema ibaki sinema atuonyeshe hesabu zake.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mtu wa mitambo ya sauti, kwa hiyo siasa nawaachia.

Watu wanasahau kwamba sinema za enzi ya filamu bubu zilijengwa kwa muziki. Zilikuwa na jukwaa, shimo la okestra na vyumba vya wasanii, kwa sababu kabla ya filamu na wakati wa filamu kulikuwa na watu wanaopiga. Sauti ilitakiwa ifike safu ya mwisho bila spika. Ndiyo maana okestra ya St. Louis ilihamia kwenye sinema ya 1925, ikaifungua kama Powell Hall mwaka 1968, na Pittsburgh wakafuata 1971 kwa Heinz Hall, iliyokuwa Loew's Penn. Zote mbili zilibaki na viti, tena zinasifiwa.

Konseti ya spika kubwa ni habari nyingine. Besi inazunguka kwenye plasta na kurudi mgongoni mwako. Na hivyo viti mnavyovidharau, vile vyenye sponji, hunywa sauti karibu kama mtu aliyekaa. Ving'oe, ukumbi mtupu utalia kama tangi. Ukifanya majaribio ya sauti mchana kisha watu wajae usiku, unaanza kupanga upya. Tena kuna roshani: ilijengewa watu waliokaa. Watu wakiruka kwa mdundo mmoja, uzito huo si ule wa kukaa, na injinia asipopima kwanza mimi sipandi huko.

Kwa hiyo kung'oa viti kunawezekana, ila mwambie promota asikudanganye kwamba ni kazi ya spana tu.

Mchangiaji wa tatu

Nakazia hoja ya Powell Hall, lakini siyo kwa okestra pekee. Beacon ya New York, sinema ya 1929, inapiga roki miaka nenda rudi na viti vyake karibu 2,800 viko palepale. Bendi ya Allman Brothers ilifanya mfululizo wa maonyesho pale karibu kila mwaka kuanzia 1989 hadi 2014. Watu wanasimama mbele ya viti vyao, wanacheza, wanakaa wakichoka. Kinachotafutwa kwa kung'oa viti ni vichwa vingi zaidi na bia nyingi zaidi. Siyo dhambi, lakini kisemwe hivyo.

Mchangiaji wa nne

Anayesema kusimama ni hatari aangalie Brixton Academy ya London, halafu aangalie mara mbili. Ilifunguliwa 1929 kama sinema ya Astoria, filamu zikaisha 1972, na miaka ya 1980 ikawa ukumbi wa muziki. Sakafu yake ina mteremko uleule wa sinema, hata mtu mfupi bado anamwona msanii, na mapambo ya kijiji cha Italia juu ya jukwaa bado yapo. Watu karibu 5,000 wanaingia.

Desemba 2022, kwenye konseti ya Asake wa Nigeria, msongamano uliua watu wawili. Ulitokea milangoni na kwenye ukumbi wa kuingilia, siyo mbele ya jukwaa. Ukumbi ulifungwa, ukafunguliwa tena Aprili 2024 kwa masharti mapya. Mlango uliojengwa 1929 haukuwazia umati wa tiketi za simu, na mabishano ya viti hayagusi mlango kabisa.

Mleta mada

Mtu wa mitambo, hoja ya roshani nimeichukua. Mchangiaji wa tatu, Beacon iko Manhattan; bei inayolipwa pale kwa kiti kimoja si kila mji utaiweza.

Mchangiaji wa kwanza umetaka hesabu. Mimi naanzia upande wa pili: kama muziki ndio unaolipia paa, basi kibali kiandike filamu zinapata nini. Idadi ya usiku wa filamu kwa mwaka, na siyo zote za Jumatatu. Projekta za filamu za utepe, wa milimita 35 na 70, zibaki chumbani mwake zikifanya kazi. Kodi ya ukumbi kwa matamasha madogo iwe na ukomo. Na ajulikane nani analipia kurudisha viti kila mara, maana gharama hiyo ikibebeshwa tamasha dogo, viti havitarudi. Promota akisaini hayo yote, kwangu mimi hata vya roshani ving'oke, injinia akiridhia.