Rupia ya Mombasa ya 1888: iliyoshika rangi ama nyeupe?

Thumni_Mbili
Wakuu, naomba msaada wa haraka, muuzaji amenipa hadi Ijumaa. Ana rupia mbili za Mombasa za 1888, zile sarafu za fedha. Moja imeshika rangi: dhahabu katikati, zambarau na buluu ukingoni. Anataka 28,000. Ya pili ni nyeupe pe, 16,000. Mngechukua ipi?

Mizani_Sawa
Picha? Uzani? Unanunua ya kuweka ama ya kuuza? Bila hayo tunapiga ramli tu. Rupia kamili ni gramu 11.66, fedha 917 kwa 1000, yaani gramu 10.7 hivi za fedha safi. Bei yote iliyobaki hapo juu unalipia hali na rangi, kwa hiyo hali na rangi ndizo za kuchunguzwa.

Thumni_Mbili
Ya kuweka. Labda niuze baadaye. Muuzaji hana mizani. Picha hii hapa, nimepiga na simu.

Bi_Kasha
Picha ina flashi, imeua kila kitu. Nijibu hili kwanza: iliyo nje kabisa ni buluu ama zambarau?

Nauliza kwa sababu rangi hizi si za kupakwa. Ni utando mwembamba wa fedha iliyoungana na salfa ya hewani, na rangi inategemea unene wake. Unaanza na njano ya dhahabu, unaingia wekundu wa zambarau, halafu buluu, halafu unapauka. Baada ya hapo inakuja duru ya pili: njano tena, waridi, kijani. Mwisho ni weusi. Sarafu iliyolala kwenye karatasi au albamu hupata salfa zaidi kutokea ukingoni, kwa hiyo hatua za mbele zinapaswa kuwa nje. Kijani hakitokei duru ya kwanza. Ukikiona kimegusana na dhahabu, bila wekundu wala buluu katikati, rudisha pesa mfukoni.

Sonara_Mstaafu
Chukua nyeupe. Unaona unachonunua. Utando unaficha mikwaruzo.

Bi_Kasha
Mzee wangu, nyeupe pe baada ya miaka zaidi ya 130 imeoshwa, hapo hakuna siri. Dawa ya kuoshea haiondoi utando peke yake, inakwenda na ngozi ya fedha. Thumni, ishike chini ya taa moja uizungushe polepole. Mng'ao wa asili huzunguka nawe kama spoku za baiskeli. Ikibaki weupe uliolala kama sufuria iliyosuguliwa, hata 16,000 ni nyingi.

Kobole
Rangi nayo si dhamana. Kuna riali moja ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria, iliyozunguka hapa mjini ikiwa na rangi za upinde wa mvua. Ilikuwa imechovywa kwenye salfa ile mafundi wa vito wanayotumia kutia fedha weusi, ikiwa ya moto na kuzimuliwa sana. Dalili zilikuwepo: rangi ilipita juu ya nywele za malkia na uwandani (sehemu tupu ya sarafu) kwa usawa, wakati utando wa asili kwa kawaida huacha kimstari chepesi kuzunguka herufi. Buluu yake ilikuwa kavu, bila mng'ao chini. Mnunuzi akaiweka kwenye kifuko laini cha plastiki ya PVC. Baada ya miezi, ute wa kijani. Asetoni safi ingeutoa ute huo bila kugusa utando, lakini ilitumika dawa ya kutoa rangi ya kucha, yenye mafuta na manukato. Ikabaki na ukungu. Kuona hivyo, ikapelekwa kwenye magadi na karatasi ya alumini. Njia hiyo hurudisha utando kuwa fedha, ila fedha ya chengachenga isiyong'aa, kijivu, na madoa ya kahawia juu. Riali hizo zimeendelea kugongwa kwa tarehe ile ile ya 1780, kwa hiyo iliishia kuuzwa kwa gramu zake 23.4 za fedha.

Sonara_Mstaafu
Na shilingi za simba za Afrika Mashariki za 1921 na 1922? Mbona sijaona moja yenye buluu ya maana?

Mizani_Sawa
Ni fedha 250 kwa 1000, mzee. Shaba imejaa humo, ndiyo maana nyingi zinaishia kahawia na kijivu. Za 1948 kuendelea hazina fedha hata kidogo.

Lenzi_Makro
Turudi kwenye picha. Zima flashi. Simu iwe kwenye stendi, sentimita 20 juu, vuta mara mbili badala ya kuisogeza karibu. Weka kioo cha fremu kwa nyuzi 45 kati ya simu na sarafu, taa ya LED ipige kioo kutoka pembeni, na kadi nyeusi upande wa pili imeze mwanga unaopita. Hapo rangi inajitokeza yote. Kisha piga ya pili bila kioo, taa mbili, moja palipo na 10 na nyingine palipo na 2 kwenye uso wa saa, ili mikwaruzo ionekane. Pima weupe kwa karatasi ya kijivu, usiongeze ukolezi wa rangi. Muuzaji akikuonyesha picha ya kioo peke yake, omba hiyo ya pili.

Kobole
Ama aipeleke Marekani ikapimwe na PCGS au NGC, zile kampuni za kuthibitisha sarafu, wamalize ubishi.

Mizani_Sawa
Pole pole. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa vya kale, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Sarafu ya 1888 imo. Usiitie kwenye bahasha ya kuria.

Kobole
Kwani sarafu za mfukoni nazo?

Mizani_Sawa
Soma sheria. Haijasema mfukoni.

Thumni_Mbili
Nimerudi kwake. Buluu ndiyo ya nje. Mizani ya jirani imesema 11.4. Kuna mkwaruzo karibu na tarehe, ndani yake rangi ni sawa na ya pembeni. Ameshuka hadi 25,000 kwa sababu upande wa pili hauna rangi.

Bi_Kasha
Mkwaruzo ulikuja kabla ya rangi, basi. Upande mmoja si kosa, hutokea ikilala kwenye kasha. Lakini upande wa pili ukoje? Kijivu cha kale, ama nyeupe kama ile ya 16,000?

Thumni_Mbili
Nyeupe kidogo. Picha kesho, taa yangu imeungua.

Lenzi_Makro
Taa ziko tele barabara ya Luthuli, Nairobi. Chukua yenye CRI 95 (kipimo cha taa kuonyesha rangi halisi), si ile ya bei ya chini.