Kufahamiana Kikazi au Kujuana? Mjadala wa Waigizaji wa Magharibi na Nakuru

Msafiri wa Kondele

Wapendwa, juma lililopita nilihudhuria warsha ya waigizaji vijana hapa Kisumu, na mwezeshaji akasema jambo lililozua ubishi hadi tulipokuwa tukikunja viti: kwamba kipaji humpa mwigizaji kazi ya kwanza, lakini ya pili na ya kumi hutoka kwa watu aliofanya nao ile ya kwanza. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akajibu kwamba huko ndiko kujuana kule kule tunakokulaani kwenye ofisi za serikali. Nauleta ubishi huo hapa.

Binafsi namuunga mkono mwezeshaji. Nimeigiza kwa miaka tisa na sikumbuki kazi hata moja niliyoipata kwa sababu mwongozaji aliusoma wasifu wangu. Nyingi zimetokana na fundi wa sauti aliyenitaja au dada wa maleba aliyehifadhi nambari yangu. Lupita Nyong'o, binti wa Kisumu, kabla ya tuzo ya Oscar ya mwaka 2014 aliwahi kuwa msaidizi mdogo wa utayarishaji wakati filamu ya The Constant Gardener iliporekodiwa hapa Kenya, na huko ndiko alikozungumza na mwigizaji Ralph Fiennes kuhusu ndoto yake ya kuigiza. Sisi wa huku tunakaa tukingoja simu, na ndiyo sababu kila tukiitwa tunaitwa kuigiza mabawabu. Je, kutafuta mahusiano ni sehemu ya kazi ya mwigizaji, au ni kujuana kulikovishwa suti?

Omwana wa Ingo

Ndugu Msafiri, nimekusoma kwa utulivu mpaka nilipofika penye neno "mabawabu", na hapo utulivu ukaniishia. Nimeigiza bawabu katika vipindi vinne vya televisheni, na bawabu huyo amelipa karo ya watoto wawili na kuezeka nyumba ya mama. Kufungua lango kwa namna inayomfanya mtazamaji acheke kabla hujatamka neno ni ujuzi, na nusu ya ujuzi huo ni kujua mwenzako mwenye gari atasita wapi katika sentensi yake.

Tena lafudhi yetu ya huku, mnayoionea haya katika nafasi hizo, si lazima mtu azaliwe nayo. Marehemu Benson Wanjau, ambaye Kenya nzima ilimjua kama Mzee Ojwang wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi mpaka alipofariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu aliyeigiza lafudhi ya Kijaluo, na najua watu ambao hadi leo hawaamini. Hilo la mahusiano tutalizungumza baadaye. Kwanza ondoa tusi.

Msafiri wa Kondele

Sikutukana nafasi hiyo, kaka yangu. Nilisema tunaitwa kwa hiyo peke yake. Kuna tofauti.

Omwana wa Ingo

Ulisema tunaitwa hivyo kwa sababu hatumjui mtu. Mimi niliitwa mara nne kwa sababu nilijulikana. Soma tena ulichoandika.

Jirani wa Menengai

Wakati mnabishana langoni, mimi nimekwama kwa Lupita. Kila warsha lazima atajwe, na kila anayemtaja husahau kwamba babake alikuwa gavana. Mtoto wa gavana akiwapelekea watu chai kwenye eneo la kurekodia anaitwa mnyenyekevu; mtoto wa muuza mitumba akifanya hivyo anaitwa kijana wa chai, na mwaka ukiisha bado ni kijana wa chai. Huwezi kumpa kijana wa Kaptembwo, mtaa wa watu wa kipato cha chini hapa Nakuru, mfano huo halafu umwambie ajitahidi.

Nyar Nam

Jirani, tuweke miaka mahali pake. Profesa Anyang' Nyong'o amekuwa gavana wa Kisumu tangu 2017. Bintiye aliposhinda mwaka 2014 yeye alikuwa seneta, na filamu ile ya kina Fiennes ilitoka mwaka 2005. Na wewe Msafiri, "binti wa Kisumu" ni kwa asili, kwa maana alizaliwa Mexico City mwaka 1983, familia ikiwa huko. Mnaruka pia sehemu ya katikati: baada ya kuzungumza na mwigizaji huyo maarufu hakupewa nafasi kesho yake. Alikwenda kusomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale, na nafasi iliyomletea tuzo aliipata alipokuwa akikaribia kuhitimu mwaka 2012. Mazungumzo yale yalimpa msukumo. Kazi ilikuja miaka mingi baadaye na kwa njia nyingine.

Lakini si hilo lililonileta. Mwezeshaji wa warsha ile ni mwanamume, na Msafiri ni mwanamume. Mwanamume akiambiwa ajenge mahusiano anaelewa chai na kubadilishana nambari za simu. Mimi, katika mwaka wangu wa pili, nilialikwa na mtayarishaji fulani "kuzungumzia nafasi" saa tatu za usiku katika nyumba ya kukodi. Nilikwenda na dada yangu, na nafasi ikayeyuka kabla soda hazijafunguliwa. Tangu hapo nina masharti: iwe mchana, iwe mahali penye watu, na pawe na mtu wa tatu anayejua nilipo. Masharti hayo yamenikosesha kazi, sifichi. Lakini yamenipa kundi la wanawake watano, mmoja wa vipodozi, mmoja ambaye kazi yake ni kuhakikisha nguo na vifaa havibadiliki kati ya picha na picha, na sisi watatu waigizaji, na hakuna anayekubali wito kabla ya kuwauliza wenzake kuhusu aliyeita. Kazi zangu zote za miaka mitatu iliyopita zimepitia kwao. Kwa hiyo swali langu kwa mwezeshaji ni hili: mahusiano na nani, na saa ngapi?

Mwalimu wa Tamthilia, Kakamega

Naomba turejee kwenye swali lenyewe. Mwaka 1897, mjini Moscow, mwigizaji na mwongozaji Konstantin Stanislavski na Vladimir Nemirovich-Danchenko, mwandishi na mwalimu wa uigizaji, walikutana mkahawani kwa chakula cha mchana, wakazungumza kwa saa 18, wakamalizia mazungumzo nyumbani kwa Stanislavski nje ya mji asubuhi ya siku ya pili. Mwaka uliofuata jumba lao la sanaa likafunguliwa. Nemirovich alileta wanafunzi wake, akiwemo Olga Knipper, na mwenzake akaleta waigizaji wa ridhaa aliokuwa akiwaongoza. Na kwa kuwa Nemirovich alifahamiana na mwandishi Anton Chekhov, ndiye aliyembembeleza mpaka akaruhusu tamthilia yake, iliyokuwa imezomewa St. Petersburg mwaka 1896, ichezwe upya. Je, huko kulikuwa kujuana? Nadhani si kujuana, kwa sababu kila mmoja alikuja na watu aliokwisha kuwafunza, na kanuni za kazi zilitangulia mgao wa nafasi. Mojawapo ilikuwa kwamba anayeigiza mfalme leo awe tayari kuwa mpita njia kesho, jambo ambalo huenda likatuliza na ule ugomvi wa lango.

Jirani wa Menengai

Saa 18! Hapa Nakuru ukikaa saa mbili na kikombe kimoja cha chai, mhudumu anaanza kufuta meza ukiwa bado umeiegemea. Mwalimu umesahau kutaja kwamba Stanislavski alitoka katika familia tajiri yenye kiwanda. Tumetoka kwa mtoto wa gavana tukafika kwa mtoto wa mwenye kiwanda.

Na kwa kuwa Mwalimu amezungumzia watu aliowafunza, nitamwuliza waziwazi. Wewe una kikundi cha setibuku, kinachozunguka shuleni kikiigiza vitabu vinavyotahiniwa. Mimi nilikuwa katika kikundi kama hicho kwa mihula sita, shule mbili kwa siku, na siku moja mwongozaji kutoka Nairobi alimpigia kiongozi wetu akiniulizia kwa jina. Kiongozi akamwambia nimeacha sanaa, kwamba nauza simu. Nilikuja kuyajua hayo miezi minane baadaye, kwenye mazishi. Wewe ukipigiwa simu ya namna hiyo, humpa nambari ya kijana wako?

Mwalimu wa Tamthilia, Kakamega

Hilo ni shambulio la kibinafsi, lakini nitalijibu. Kikundi changu hupanga shule 14 kabla muhula haujaanza, na walimu wakuu hulipa amana. Nikimwachilia aliyebeba nafasi kuu katikati ya muhula aende Nairobi kwa kazi ya siku mbili, Kakamega hadi huko si karibu, kwenda na kurudi ni siku mbili nyingine, na mimi nimebaki mbele ya watahiniwa 400 bila mhusika mkuu. Mwaka juzi kijana niliyemfunza tangu akiwa katika tamasha za shule aliondoka usiku bila hata ujumbe. Shule tatu zikadai amana zao, na mbili hazijanialika tena. Mnazungumza kama kwamba mahusiano ya kikazi ni yale ya mwigizaji na mwongozaji wa televisheni tu. Mwalimu mkuu wa shule si uhusiano?

Jirani wa Menengai

Hujajibu kama unatoa nambari.

Mwalimu wa Tamthilia, Kakamega

Huitoa baada ya muhula.

Jirani wa Menengai

Baada ya muhula nafasi imeshapewa mtu wa Nairobi aliyepanda matatu moja tu.

Nyar Nam

Naona swali langu limezikwa chini ya chai ya Moscow na amana za walimu wakuu. Sawa. Ila katika hilo la nambari namuunga mkono Jirani nusu, na Mwalimu nusu. Katika kundi letu la watano, anayeitwa katikati ya kazi nyingine hutakiwa kutafuta wa kushika nafasi yake kabla ya kuondoka, naye aliyeshika hulipwa siku hiyo hiyo. Bila hayo mawili, anayeondoka anamchomea aliyebaki, na aliyebaki ataanza kuficha nambari, hata akiwa mtu mwema. Mwalimu, yule kijana angekuachia mtu anayeyajua maneno yake, ungemzuia?

Mwalimu wa Tamthilia, Kakamega

Nisingemzuia. Lakini anayeyajua maneno hayo simpati barabarani, na malipo ya siku hiyo hiyo ni rahisi kuyaandika hapa kuliko kuyatoa, kwa sababu shule nyingi hulipa salio baada ya wiki kadhaa.

Msafiri wa Kondele

Niliuliza kama kufahamiana ni halali, sasa tunajadili salio la ada ya setibuku. Labda ndilo swali lile lile. Dada Nyar Nam, hoja yako nilistahili kuijibu mapema, nikakimbilia kujitetea kwa ndugu wa lango. Mwezeshaji yule hakugusa usalama hata kidogo, na nitamwandikia. Kwa upande wangu, fundi wa sauti aliyenitaja mara ya kwanza alinitaja kwa sababu nilimsaidia kukunja nyaya kwenye mvua, na sikuwahi kufikiri kwamba mwanamke akikawia hivyo hadi usiku angehesabiwa vingine.

Omwana wa Ingo

Nilisema ya mahusiano tutayazungumza baadaye, na baadaye imefika mapema. Nimepigiwa simu jioni hii. Kazi ni ya Alhamisi na Ijumaa, Nairobi. Ndiyo, ni bawabu, na asiyependa acheke polepole. Tatizo ni kwamba Alhamisi hiyo nina onyesho la setibuku katika shule mbili karibu na Bungoma, nikiwa babu mwenye nyumba katika tamthilia ya Kiswahili inayotahiniwa. Natafuta mwanamume anayeyajua maneno ya mhusika huyo au anayeweza kuyashika kwa siku tatu. Kiongozi wa kikundi changu amekubali, kwa sharti kwamba mtu huyo afike Jumatano tufanye zoezi moja pamoja kabla sijapanda basi.

Jirani wa Menengai

Niliigiza babu huyo mihula miwili. Maneno bado ninayo, isipokuwa ile hotuba ndefu ya mwisho. Nauli kutoka Nakuru inatolewa kabla au baada?

Omwana wa Ingo

Kabla. Nitaituma mimi mwenyewe usiku huu, nitadaiana na kiongozi wangu baadaye. Njoo na kofia yako, ya kikundi hainitoshi hata mimi.