Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, umefika, nami nina miezi saba bila pombe

Fundi Randa:
Kamwene wadau. Mimi fundi mbao, Mafinga. Tangu Mei sijaonja pombe. Niliacha ghafla, kwa ubishi tu. Siku ya tatu nikawa naona siafu wanapanda ukutani, kisha nikadondoka kifafa mbele ya mwanangu. Hospitali wakanigombeza: mlevi wa kila siku haachi kienyeji, anaachia mikononi mwa daktari. Hayo yamepita.

Sasa mvua zimeanza. Kwetu Kilolo marehemu mzee katuachia mianzi, na mimi ndiye mkubwa. Mama kapiga simu, "Njoo ugeme, mianzi inaharibika." Kugema ni asubuhi na jioni, unachonga kidogo pale kwenye ncha, unatega mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia. Jumapili nikaenda kuangalia. Sikuwa na hamu hata chembe, mpaka niliposhika mbeta ya mwaka jana. Ule uchachu wa mle ndani! Mate yakajaa mdomoni, nikakaa kwenye gogo hadi magoti yatulie.

Naomba kuuliza: mtogwa, ule mtamu wa asubuhi, nao ni pombe? Shemeji anasema hata watoto wanakunywa. Na mama nimwambieje asione nimemdharau marehemu?

Mgema Mstaafu:
Mdogo wangu, mtogwa ni mkangafu, ule ulanzi mkali, ambao jioni haijaufikia. Unaanza kuchacha ungali unadondoka, maana mbeta ni ileile, ina chachu ya jana. Mimi nilirudi kwa mlango huohuo. Jumatatu kikombe kimoja, Ijumaa nipo kilabuni nadaiwa. Shemeji yako mwache anywe na hao watoto wake.

Wa Mwanjelwa:
Yangu ilikuwa unga, yaani heroini. Sasa natumia methadoni, dawa ya kuachia unga, hapa Mbeya, kila siku naenda kunywa dozi. Kuna kichochoro nikikipita tumbo linasokota kama arosto, yale maumivu ya kukosa unga, na sijagusa kitu muda mrefu! Mshauri wetu alituambia hamu inapanda halafu inashuka yenyewe, usikae nayo peke yako. Nikiiona inakuja nampigia kaka, tunaongea mpira mpaka ipite. Wewe mbeta ndiyo kichochoro chako. Mpe jirani ageme, mgawane mapato.

Mama Wawili:
Baba, huyo mama hajui ulianguka? Wanaume mna siri za ajabu. Usimwambie "nimeacha pombe", atadhani umeokoka wiki mbili tu. Mwambie habari ya siafu, na mjukuu wake alivyolia.

Fundi Randa:
Nimempigia jana usiku. Nilipofika kwenye siafu akanyamaza, nikadhani salio limeisha. Kumbe marehemu naye aliwahi kuwaona, mama akadhani karogwa. Jirani ataanza kugema Jumamosi. Akaniuliza, "Na mbeta za baba yako, nazo apewe?"

Nikamwambia apewe zote.