Huyu daktari wetu wa mtaa, ile ni barua ya rufaa ama ni risiti ya mboga?

Binti_Kariobangi (mwenye uzi)

Msimamizi usifute. Niko kwa matatu naandika sasa hivi kwa sababu nikifika nyumbani nitavunja sahani.

Mnamjua. Simtaji, sitaki kesi. Yule wa kliniki ya ghorofani, anayevaa stetoskopu hata akienda kununua smokie. Yule anauliza "shida?" na kabla ufungue mdomo ameshaandika dawa.

Sasa mamangu. Tangu Krismasi halali. Anaamka saa tisa usiku kuosha sufuria ambazo ni safi. Kibanda amefunga, anasema watu wanamwangalia vibaya, yeye aliyekuwa akikatia mtaa mzima sukuma. Nikampeleka kwa bwana huyo. Akampa vidonge vya usiku, wapi. Mwishowe akasema anamtuma kwa wataalamu wa akili mjini. Nikamshukuru, mnaamini? Nikamshukuru! Akaandika barua huku yuko kwa simu anabishana na fundi wa gari, akaikunja, akaipiga stepla pande zote kana kwamba ndani kuna siri ya jeshi.

Leo tumefika. Nesi anang'oa stepla, anasoma kwa sauti, dirisha wazi, benchi lote linasikia:

"Mgonjwa msumbufu. Hapati usingizi. Muoneni tafadhali."

Mhuri. Kwisha.

Mama akanigeukia akaniuliza, "Nimemsumbua nani?"

Nesi mwenyewe aliona haya. Akageuza karatasi kuangalia kama inaendelea nyuma. Nyuma ni orodha ya bei za maabara. Malaria, taifodi, mimba. Barua ya mamangu imeandikwa nyuma ya bei ya kupima mimba.

Huko ndani daktari anauliza, alipewa dawa gani? Hakuna. Miligramu ngapi, kwa muda gani? Hakuna. Ya presha anameza ipi? Hiyo presha anatibiwa na huyo huyo miaka yote! Tezi ya shingo imepimwa, kwa sababu ikilegea inaweza kumfanya mtu akae hivi? Hakuna. Amewahi kusema afadhali afe? Hilo nilijibu mimi, bintiye, na yeye amekaa hapo anaangalia viatu vyake.

Wakapiga nambari iliyo kwenye mhuri. Ikashikwa na jamaa wa gesi. Akauliza, "Kilo 6 ama 13?"

Walimwona, Mungu awabariki, lakini muda wote uliishia kutafuta mambo ambayo yangeingia kwa mistari mitano. Tumepewa tarehe nyingine, nirudi na majina ya dawa.

Msumbufu! Mtu anayekaa kwa benchi lake kimya mpaka wanafunga mlango wakimsahau ndani. MSUMBUFU!

Mzee_wa_Steji

Wa stetoskopu mpaka kwa smokie? Namjua vizuri. Nilienda na goti akaniambia nipunguze chumvi.

Jirani_Mwema

Ngoja, ni mama wa kibanda karibu na posho mill? Kumbe ni mgonjwa? Sisi tulidhani amehamia ushago. Mwambie deni langu la nyanya nakumbuka, mwisho wa mwezi.

Binti_Kariobangi

@Jirani_Mwema sijataja mtu yeyote.

Jirani_Mwema

Sawa dadangu. Mwambie tu.

Dondoo_Moto

Barua maneno 6, malalamiko maneno elfu. Wewe ndiwe ungeandika rufaa na daktari aandike uzi.

Afisa_Kliniki_Eastlands

Nitatukanwa lakini wacha niseme. Mimi ni afisa wa kliniki. Ukiwa peke yako, benchi limejaa, mtoto anatapika, barua inaandikwa umesimama. Hilo si kisingizio cha "msumbufu", hapo ameharibu. Barua ya kwenda kwa watu wa akili inataka vitu vya kawaida sana: unamtuma kwa nini na unataka wakusaidie nini, dalili zilianza lini na zimemzuia kufanya nini (kufunga kibanda hapo ni dalili, si porojo), kama kuna hatari ya kujidhuru, dawa ZOTE na muda. Muda ndio tunasahau. Dawa nyingi za huzuni huchukua wiki kadhaa kushika, kwa hivyo ukiandika "haikusaidia" bila kusema alimeza kwa muda gani, hujasema kitu. Halafu pombe, miraa, magonjwa mengine, anaishi na nani, na nambari ya simu inayoshikwa na mtu wa kliniki.

Kuna ule mtihani wa kupima ugonjwa wa huzuni, PHQ-9, maswali 9, kila moja 0 hadi 3, jumla 27. Ungeandika alama tu hapo chini, yule wa mjini anajua anaanzia wapi, na mgonjwa akirudi mnaona kama amepanda au ameshuka.

Na nyinyi hamjui upande wa pili. Nikiandika barua nzuri kurasa 2, sijibiwi. Mgonjwa anarudi kwangu na dawa mpya, sijui wameona nini wala nifuatilie nini. Kila mara nakuwa kama nimemtuma kisimani.

Binti_Kariobangi

@Afisa_Kliniki_Eastlands wewe angalau una adabu. Lakini kuandika "hapati usingizi tangu Desemba, amefunga biashara" inachukua dakika ngapi? Ya kubishana na fundi alipata. Nesi akasoma MSUMBUFU mbele ya watu, mama akauliza amemsumbua nani. Hapo ndipo nimekwama mimi. Mambo ya alama tutaongea nikipoa.

Kijana_wa_Pipeline

Pole sista. Lakini mbona nesi asome kwa sauti? Mimi naona kosa ni la nesi.

Binti_Kariobangi

Wewe ndiye fundi wa gari?

Wakili_Uchwara

Kuhusu hilo swali la kutaka kufa. Wapo waliokuwa wakiliruka makusudi, kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Ukimwandika mtu kwenye barua unaogopa umemwandikia polisi. Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Sasa hakuna pa kujificha, andika kama ilivyo mtu ahudumiwe haraka.

Dondoo_Moto

Wakili, na kesi yangu ya ploti ya Ruai umefikisha wapi?

Nyanya_Mtandaoni

Binti, mshike mamako mkono, usimwache peke yake usiku, na akisema tena hayo maneno usingoje tarehe, mrudishe siku hiyo hiyo. Mengine ni kelele. Watu wa hapa wakisikia akili wanafikiria hospitali ya Mathari tu, na Mathari ilifunguliwa 1910. Tangu 1910 bado tunanong'ona. Jopo la serikali la afya ya akili, la Dkt. Frank Njenga, lilipendekeza 2020 ugonjwa wa akili utangazwe dharura ya kitaifa, na huku chini daktari anaandika nyuma ya bei ya mimba.

Binti_Kariobangi

Asante shosho. Hapo kwa bei ya mimba nimecheka na machozi.

Mzee_wa_Steji

Kama ni barua, hamjaona ya chifu. Nilitaka barua ya kusema mimi ni mkazi, nimekaa hapa tangu enzi za Moi, akaandika "anadai ni mkazi". ANADAI. Benki wakanifukuza.

Kijana_wa_Pipeline

Wa kwetu anataka ya soda kwanza ndipo atafute kalamu.

Mwalimu_Mstaafu

Afadhali hizo zinasomeka. Mwandiko wa daktari wa macho wangu ulisomwa na famasi kama dawa ya minyoo. Nikameza.

Dondoo_Moto

Na ukaona?

Mwalimu_Mstaafu

Niliona choo.

Mama_Tatu_Umoja

Samahani kuingilia, huyo jamaa wa gesi ana nambari? Yangu imeisha nikiwa katikati ya maharagwe.

Kijana_wa_Pipeline

Kama ni yule wa pikipiki nyekundu usijaribu. Mtungi wa 13 wake haufiki hata 10.

Mama_Tatu_Umoja

Ulipima na nini?

Kijana_wa_Pipeline

Mizani ya bucha ya hapa chini.

Mzee_wa_Steji

Mizani ya bucha! Hiyo ndiyo inafaa kufunguliwa uzi. Jumamosi nimenunua nusu kilo, nikafika nyumbani paka akaniangalia tu.