Kila semista chuo kinataka nithibitishe upya kuwa sioni vizuri, jamani macho haya yatapona likizo??

Wakuu heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie, na mkiona herufi zimerukwa jueni simu iko puani kabisa hapa.

Mi nina ualbino, niko mwaka wa pili, chuo sikitaji maana bado nakaa humo na nataka nimalize salama. Kwa wasiojua, ualbino sio ngozi tu. Watu wakisikia albino wanawaza jua, kofia na mafuta ya ngozi, basi imeisha. Ila kinachonitesa mi darasani ni macho. Nina uoni hafifu, ubao nikikaa mstari wa mbele nauona kama ukuta umepakwa chokaa, na miwani inasaidia kidogo tu kwa sababu shida iko nyuma ya jicho, ile sehemu ya kuonea vitu vidogo vidogo haikukomaa toka tumboni kwa mama. Afu macho yanachezacheza yenyewe, siyaamrishi mimi. Nikitaka yatulie nainamisha kichwa upande, hapo ndo nasoma. Hii ya kichwa upande iwekeni akilini, nitairudia.

Sasa sikieni. Kidato cha nne na cha sita nilifanya mitihani ya Baraza la Mitihani la Taifa nikiwa na haki zangu zote. Pepa ya maandishi makubwa inakuja imeandaliwa huko huko, na muda wa nyongeza upo unajulikana, dakika 20 kwa kila saa kwenye hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Hakuna wa kumpigia magoti, msimamizi mwenyewe anajua. Nikajua chuo ndo itakuwa raha zaidi, si ndo kwa wasomi bwana!

Nafika chuo naambiwa utaratibu ni huu: unaenda kitengo cha mahitaji maalumu, unajaza fomu, unaambatanisha barua ya daktari wa macho, kitengo kinaandikia idara, idara inamwambia lekchara. Sawa, mwaka wa kwanza nikafanya vyote. Semista ya pili naenda kuuliza naambiwa barua yako ilikuwa ya semista iliyopita, lete mpya. Nikadhani ni utani. Mpya ya nini? Nimezaliwa hivi, babu yangu upande wa mama alikuwa hivi na alizikwa hivi hivi, lakini kila baada ya miezi mitano natakiwa nipande daladala mbili niende hospitali ya rufaa nipange foleni toka saa kumi na mbili asubuhi, daktari anayenijua kwa jina ananicheka "umerudi tena?", ananakili barua ile ile anabadilisha tarehe. Hela inatoka kwenye bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, na siku hiyo vipindi vyote vimenipita.

Na tangazo la kukumbusha hizo barua wanabandika wapi? Ubaoni, ndani ya kioo, karatasi ya herufi za kawaida, mwanga wa dirishani unapiga kwenye kioo. Kitengo cha wasioona vizuri hicho wakuu. Nimesomewa na mlinzi.

Haya, UE ya juzi, yaani mtihani wa mwisho wa semista. Pepa ya takwimu, masaa matatu. Barua nilipeleka wiki tano kabla, naapa. Naingia chumbani msimamizi anasema hana taarifa zangu. Nikaomba apige simu idarani, akatoka, akarudi baada ya dakika kama ishirini na pepa "kubwa". Unajua pepa kubwa kwao ni nini? Wamechukua ile ile A4 wakatoa fotokopi kwenye A3. Herufi ilikuwa saizi 10 kwa sababu idara inabana karatasi, ukiipeleka A3 inakuwa 14 hivi, mi nasoma 20. Jedwali la mwisho safu ya pembeni imekatwa na mashine. Na viti vyetu ni vile vyenye kibao cha kukunja, A3 haienei, ninaisoma huku nusu inaning'inia na kijitabu cha majibu nimekiweka mapajani.

Hapo nainamisha kichwa ili macho yatulie. Msimamizi wa pili kaja mbio, "wewe unachungulia kwa mwenzako". Aisee!! Nichungulie kwa mwenzangu wakati ya kwangu mwenyewe siioni? Nikahamishwa kiti mbele ya watu wote, na wapi, pembeni ya dirisha, jua la saa saba linaingia machoni moja kwa moja. Zile dakika ishirini za kusubiri pepa hazikurudishwa. Kwa utaratibu wa sekondari wa hisabati ningekuwa na saa nzima ya nyongeza, hapa nimemaliza na wenzangu, maswali mawili sijayagusa.

Matokeo: sapu, yaani nimefeli, narudia mtihani.

Nikaenda kwa lekchara. Ni mtu mpole tu, sikatai, lakini kanijibu "mbona nakuonaga unatumia simu vizuri?" Mzee wangu, simu naikuza mpaka neno moja linajaza kioo! Nikamwambia basi mnipe sofkopi nisomee kwenye kompyuta mbele ya msimamizi, akasema pepa itavuja. Nikasema basi ibadilisheni saizi ya herufi kabla ya kuprinti, ni kubofya mara mbili, itaongezeka karatasi tano sita. Akasema hilo ni la kitengo. Kitengo wanasema ni la idara. Idara wanasema barua hawajaiona. Mpira wa kona.

Tanzania hii ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu toka 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia 2009, kifungu cha 24 kinataja mpaka elimu ya juu. Sio mimi natunga. Ila ikifika 13 Juni, siku ya ualbino duniani, ndo wananipigia simu nije na tisheti nyeupe tupige picha kwenye ngazi za utawala. Mwaka huu nilienda, nikiri, kulikuwa na chakula.

Na mi afadhali, ulemavu wangu unaonekana. Kuna jamaa yangu kiziwi yeye hana mkalimani wa lugha ya alama toka semista ianze, anakaa darasani anatazama midomo ya lekchara anayeongea akiwa ameangalia ubaoni. Tunanakiliana notsi, yeye ananisomea ubao, mi namwandikia kilichosemwa. Hicho ndo kitengo chetu cha kweli.

Sasa naomba msaada kwa waliopita njia hii: kuna chuo chochote mtu kapewa barua moja ya miaka yote mitatu? Ilisainiwa na nani, mkuu wa idara au makamu wa taaluma? Mlianzia wapi? Wa kusema "nenda kwa Dean" asijisumbue, nimeshaenda, yuko semina.

Sapu ni Septemba. Jana kitengo wamenipigia, wanataka barua mpya ya daktari.