Mashine ya barafu kwenye boti: vipande vina maji ndani, na breka ya kuvuja inakata kila mzunguko

Nanga_Mbili

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada kuhusu mashine ya barafu iliyo chini ya kabati la jikoni kwenye boti. Ni ya aina ya kalibu, inatoa vipande vinane vya nusu mwezi kwa mzunguko, volti 230, Hz 50. Maji yanatoka kwenye tangi kwa pampu ya volti 12, yanapita filta ya mkaa, kisha bomba jembamba la milimita 6 hadi kwenye valvu ya mashine.

Dalili:

Vipande vimekuwa vidogo, na ukivunja baadhi yake maji yanamwagika kutoka katikati.

Chini ya kalibu panaota bonge la barafu bapa linalogandisha vipande vyote kwenye kontena.

Breka ya kuvuja (ile inayokata umeme unapovuja, mA 30) inakata. Haikati ninapowasha mashine, inakata baada ya dakika 40 au zaidi.

Injini ikifanya kazi mchana, barafu inachelewa sana.

Filta ni mpya, kondensa (mapezi ya kutolea joto) imepigwa brashi kwa mbele. Fundi mmoja ameshauri kompresa mpya bila kupima chochote. Nianzie wapi?

---

FundiBaridi

Mkuu, kompresa usiiguse kwanza. Kompresa iliyochoka haitoi bonge chini ya kalibu wala haikati breka ya kuvuja baada ya dakika 40. Hapo una matatizo matatu tofauti yaliyokutana kwenye mashine moja, na kila moja linajionyesha kwenye hatua yake ya mzunguko.

Mzunguko wenyewe uko hivi: kompresa inapoza kalibu hadi themostati yake ifunge (yaani iunganishe umeme), kwa kawaida karibu na nyuzi 9 chini ya sifuri. Mota inaanza kuzungusha vidole vya kusukumia, na wakati huohuo hita iliyo chini ya kalibu inawaka ili kuyeyusha ngozi ya vipande. Vidole vinasukuma barafu nje, na kuelekea mwisho wa mzunguko valvu ya maji inafunguka kwa sekunde 7 hivi. Basi. Hakuna kinachopima maji yaliyoingia, ni muda tu.

Kwa hiyo anza na maji. Chomoa bomba la kujazia linapoingia kwenye kalibu, lielekeze kwenye chombo chenye vipimo vya mililita, ngoja mzunguko mmoja. Mashine nyingi za ukubwa huu zinataka kati ya ml 120 na 140. Angalia kitabu cha yako. Kama moduli yako (kichwa chenye mota na swichi) ina matundu ya majaribio yenye herufi, huna haja ya kusubiri: zima umeme, unganisha T na H kwa kipande cha waya uliofunikwa, washa, na mara vidole vikianza kusogea zima tena, toa waya, kisha washa mzunguko umalizike. Usiingize wala kutoa waya huo umeme ukiwa umewaka.

Maji yakiwa pungufu usikimbilie skrubu ya kurekebisha (nusu mzunguko wa skrubu ni kama ml 20). Pima kwanza presha maji *yakiwa yanatiririka*. Ndani ya valvu kuna ringi ya mpira inayosawazisha mtiririko, lakini inafanya kazi kuanzia psi 20 kwenda juu. Chini ya hapo kiasi kinaporomoka, na ubaya wa pili ni kwamba valvu nazo hujifunga kwa kusaidiwa na presha ya maji. Presha ikiwa ndogo valvu haikai vizuri, inadondosha polepole usiku kucha, na matone hayo ndiyo bonge lako. Dalili mbili za kwanza zinaweza kuwa na mzizi mmoja.

Kuthibitisha: zima umeme wa mashine, acha pampu ya maji imewashwa, subiri dakika 10. Bomba la kujazia likidondosha ilhali umeme haupo, tatizo ni valvu au presha. Funga maji, fungua valvu, toa kichujio kidogo cha waya kwenye mdomo wake. Chembe moja ya mchanga kutoka kwenye tangi inatosha kuizuia isifunge.

Sasa vipande vyenye maji ndani. Hiyo maana yake barafu imesukumwa kabla haijaganda hadi katikati. Themostati imekaa kwenye ncha moja ya kalibu, upande wa mota. Boti ikilala upande wa pili, maji yanakimbia, ncha ya themostati inabaki na maji machache, inapoa haraka na kuanzisha mzunguko wakati vipande vya ncha nyingine bado ni ganda tupu. Angalia kama vipande vyenye maji viko upande mmoja kila mara. Kama ndivyo, weka pimamaji juu ya kalibu yenyewe boti ikiwa imetulia gatini na matangi yakiwa katika hali ya kawaida. Vipande vyote vikiwa na maji bila kuchagua upande, hapo nashuku themostati inafunga mapema.

---

UmemeMajini

Naongezea suala la breka, kwa sababu ndilo lenye hatari.

Breka inayokata mashine ikianza mzunguko wa kusukuma barafu, na si kabla, inaelekeza kidole kwenye hita. Hita hizi ni waya ndani ya bomba la chuma lililojazwa unga wa magnesiamu oksaidi, na unga huo hunyonya unyevu. Hewa ya bahari ikiongezeka, na mashine ikikaa muda bila kutumika, umeme unaanza kupenya kutoka kwenye waya hadi kwenye kalibu.

Zima, chomoa plagi, toa waya za hita kwenye moduli. Pima kati ya ncha ya hita na chuma cha kalibu kwa kipimo cha insulesheni cha volti 500. Mita ya kawaida ya mkononi inatumia volti chache tu, inaweza kukuonyesha kuwa hakuna muunganiko ilhali kwenye volti 230 umeme unavuja. Nikipata chini ya megohmu 1 siirudishi mashine kazini. Unaweza kujaribu kuikausha moduli kwa hewa vuguvugu saa kadhaa, kisha pima tena. Namba isipopanda, badilisha hita au moduli nzima. Kagua pia vituo vya waya: vikiwa na ukungu wa kijani, kata, bana upya kwa vituo vilivyopakwa bati, funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto.

Naomba sana mtu yeyote asikate waya wa ardhi wala kuiruka breka ili "barafu iendelee". Kwenye boti waya wa ardhi umeungana na vyuma vilivyo chini ya maji. Waya wa ardhi wa kebo ya gatini ukikatika au ukilegea, umeme unaovuja kwenye mashine unatafuta njia kupitia maji yanayoizunguka boti, na mtu anayeogelea hapo misuli inaganda, anazama. Maji baridi yasiyo na chumvi ni hatari zaidi kuliko ya bahari. Breka ikikata, inafanya kazi yake.

Jambo dogo kwa wanaosoma wakiwa na mashine iliyotengenezwa kwa Hz 60: kwenye Hz 50 mota ya kuhesabu muda inazunguka polepole, sekunde 7.5 za maji zinakuwa 9, na kalibu inafurika hata kama kila kitu ni kizima.

---

Nanga_Mbili

Asanteni sana. Vipimo hivi hapa:

Maji kwa mzunguko mmoja: ml 70. Bila filta: ml 75.
Presha pampu imesimama: psi 38. Maji yakitiririka: psi 14.
Bomba la kujazia linadondosha umeme ukiwa umezimwa.
Insulesheni ya hita: megohmu 0.3.
Joto ndani ya kabati mbele ya kondensa, injini ikifanya kazi: nyuzi 46.
Vipande vyenye maji ni vitatu vya upande wa bomba la kujazia, kila mara.

---

FundiBaridi

Vipimo safi, mkuu. Vinajieleza.

Filta haina kosa, tofauti ya ml 5 si kitu. Presha kushuka kutoka 38 hadi 14 maji yakitiririka kidogo tu ni pampu inayochelewa kuwaka au mfereji ulioziba kabla yake. Fuata mpangilio huu: safisha kichujio cha mdomo wa pampu, pima volti kwenye vituo vya pampu yenyewe ikiwa inafanya kazi (chini ya 11.5 tafuta waya mwembamba au muunganiko mbovu), kisha swichi ya presha, iwashe pampu ikishuka karibu na psi 25. Kukiwa na tangi dogo la kuhifadhi presha, hewa yake iwe psi 2 chini ya kiwango cha kuwashia, na ipimwe maji yakiwa yametolewa yote. Mara nyingi hewa hiyo imeisha na hakuna anayekumbuka kama tangi hilo lipo. Tazama pia bomba la milimita 6 nyuma ya kabati, likikunjwa mashine inaposukumwa ndani halirudi umbo lake.

Rudisha presha kwanza, halafu rudia kipimo cha maji na cha matone. Valvu ikiendelea kudondosha kwenye psi 25 na zaidi, inunuliwe mpya.

Vipande vitatu vya upande wa kujazia: boti inalalia huko. Nyanyua mashine kwa miguu yake upande huo. Lakini subiri maji yatimie ml 120 ndipo uhukumu, maana maji yakiwa nusu, mteremko mdogo tu unatosha kuharibu.

Nyuzi 46 ndiyo sababu ya barafu kuchelewa. Mashine za daraja la hali ya hewa la joto zaidi, T, zimepangiwa mazingira hadi nyuzi 43, na za ST hadi 38. Mashine nyingi za chini ya kabati zinavuta na kutoa hewa kwa mbele, na kama hakuna kizuizi katikati, zinameza hewa yao wenyewe ya moto. Bandika povu la kuziba kati ya njia ya kuingia na ya kutoka. Kama ukuta wa nyuma ni wa chumba cha injini, weka insulesheni, na toboa njia ya hewa kutoka upande wa chumba cha kuishi. Kondensa nayo isafishwe hadi ndani: brashi ya mbele huacha ukoko wa vumbi na chumvi katikati ya mapezi. Puliza hewa kutoka upande wa feni.

Baada ya hayo, tazama baridi kwenye bomba la kugandishia. Ukungu ukisambaa sawasawa, gesi ipo. Ukionekana mwanzoni tu mwa bomba, gesi imepungua, na imepungua kwa sababu inavuja, mara nyingi kwenye kiungo cha shaba na alumini. Kujaza bila kuziba ni kumwaga pesa. Kama bamba limeandikwa R600a, gesi hiyo inawaka na ni nzito kuliko hewa, inazama hadi ngamani, chini kabisa ya boti. Mwite mtu mwenye vifaa vyake.

---

Mtunza_Sitaha

Mashine ikishapona, matunzo yake si mengi.

Kila baada ya miezi mitatu, zima, kausha, pitisha maji vuguvugu yenye gramu 20 za asidi ya sitriki kwa lita kwenye kalibu kwa dakika 10, suuza vizuri. Asidi isikae zaidi, kalibu ni alumini. Kisha futa kontena na mlango kwa klorini: ml 2 za dawa ya asilimia 5 kwa lita ya maji, suuza tena. Viwili hivyo visikutane kamwe, vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na jikoni mwa boti hakuna pa kukimbilia. Mizunguko mitatu ya kwanza mwaga.

Barafu ikijijenga ukutani kupita milimita 6, iyeyushe kwa kuzima na kufungua mlango. Kisu hutoboa bomba la gesi.

Ukizima, subiri dakika 5 kabla ya kuwasha, hasa unapohama kutoka umeme wa gatini kwenda jenereta. Kompresa inayowashwa kabla presha haijatulia inaguna, inakata, inaguna tena, na watu wanadhani imekufa. Inveta iwe ya wimbi safi.

Boti ikilazwa muda mrefu: funga maji, legeza bomba kwenye valvu, endesha mzunguko mmoja valvu ifunguke na kumwaga maji yaliyobaki, puliza hewa isiyozidi psi 30, kausha kalibu kwa kitambaa, inua mkono wa waya uwe kwenye "zima", acha mlango wazi kidogo. Kwenye baridi kali, mwili wa plastiki wa valvu ndio hupasuka kwanza. Dawa ya kuzuia kuganda inayopitishwa kwenye mabomba ya boti isifike kwenye mashine: haigandi vizuri kwenye kalibu, na itakuchukua mizunguko mingi kuitoa.