Mjadala: Tuongeze mabweni ya magereza, au tupunguze wanaoingizwa?

Hoja ya msongamano magerezani ikiibuka, wengi humu mnajibu kwa neno moja: tujenge. Mimi napinga, karibuni tubishane.

Tuanze na 9 Desemba 2019. Siku ile, akiwa Mwanza, Rais wetu wa wakati huo hapa Tanzania, Magufuli, alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Tulishangilia, na ilistahili, maana magereza yenye nafasi zisizofika 30,000 yalikuwa yamebeba karibu watu 36,000. Lakini katika hao 36,000, mahabusu walikuwa wengi kuliko wafungwa. Na msamaha wa Rais haumgusi mahabusu, kwa sababu huwezi kumsamehe mtu ambaye hajahukumiwa. Aliyekiri wizi akafungwa, alitoka. Aliyekana, alibaki ndani akingoja upelelezi.

Kijana wa jirani yangu alidaiwa kupora simu, na kwenye hati ya mashtaka ikaandikwa kulikuwa na panga. Panga hilo, ambalo sikusikia kama liliwahi kuonekana, ndilo lililomponza: unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana. Kila baada ya wiki mbili mama yake alikuwa anafunga vitumbua kwenye gazeti na kwenda kungoja karandinga nje ya mahakama. Kijana anashuka ameshika suruali kwa mkono isimdondoke, mkanda walishauchukua. "Upelelezi haujakamilika." Dakika tatu, karudishwa. Ikaenda hivyo miaka miwili na ushee, mpaka upande wa mashtaka ukasema hauna nia ya kuendelea na shauri. Alirudi nyumbani na kandambili zisizofanana.

Sheria yenyewe imeshagombaniwa. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa makosa kama hayo, kinakwenda kinyume na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Mwaka 2022 ikaja marekebisho: kesi isipelekwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Safi kabisa, ila makosa makubwa yakaachwa nje, na huko ndiko wanakoozea watu kwa miaka.

Wapo wanaosema dawa ni probesheni, yaani mkosaji kubaki nje chini ya uangalizi, na kifungo cha nje. Nakubali nusu. Sheria ya Huduma kwa Jamii tunayo tangu 2002, na mwenye kosa dogo ni heri afagie zahanati kuliko kula ugali wa serikali pale gereza la Keko. Ila adhabu hizo ni za aliyekwisha kutiwa hatiani, mahabusu hazimhusu. Halafu tazameni Marekani: walio chini ya probesheni ni wengi kuliko walio ndani, na bado walio ndani wanakaribia milioni 2.

Najua nitaulizwa: na aliyekatwa mapanga kweli? Mtuhumiwa wake arudi mtaani akamtishe? Swali la haki, na sina nia ya kulikwepa. Sisemi wote waachiwe. Nasema hakimu aruhusiwe kumtazama huyu na yule, hatari amzuie, asiye hatari ampe dhamana yenye masharti. Leo mikono yake imefungwa na maneno ya hati ya mashtaka.

Wa mabweni mapya, nijibuni hili tu kwanza: kijana wa jirani yangu angelala kwenye bweni hilo kwa kosa gani?